Nani alikichuma, na lini? Slow Food kwa mtu anayerudi nyumbani usiku

Mleta mada, swali lako limenigusa kwa sababu miaka minane iliyopita nilikuwa papo hapo ulipo. Umesema unafika nyumbani saa mbili usiku, una watoto watatu, umesoma habari za Slow Food, yaani "chakula cha polepole", harakati za kimataifa za kutetea chakula kizuri na wanaokizalisha, ukazipenda, halafu ukaanza kujiuliza kama haya si mambo ya watu wenye nafasi na pesa. Mchangiaji mmoja hapo juu amekujibu kwamba maana yake ni kupika kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Mwingine amesema chakula kikitoka karibu, basi mazingira yamepona. Nawaheshimu wote wawili, ila naona wamekupeleka siko. Nieleze nilivyoielewa mimi kwa kuiishi jikoni.

Kwanza jina lenyewe linapotosha, kwa sababu upolepole huu hauhusu mwendo wa sufuria. Mwaka 1986 McDonald's, kampuni ya Marekani ya chakula cha haraka, walifungua mgahawa Roma, pale Piazza di Spagna. Carlo Petrini, mwanzilishi wa Slow Food na mwandishi kutoka mji mdogo wa Bra, kaskazini mwa Italia, akaandamana na wenzake kuupinga, wakagawia watu tambi barabarani. Hicho ndicho kisa kinachosimuliwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka huohuo, mkoa huohuo wa Piemonte anakotoka Petrini ulikumbwa na kashfa ya mvinyo uliotiwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ili kuupandisha ukali kwa gharama ndogo. Watu walikufa, wengine wakapofuka. Walikuwa wamenunua chupa ya kawaida, na hawakuwa na njia yoyote ya kujua aliyeijaza alifanya nini. Mimi nikiifikiria Slow Food, mvinyo ule hunijia akilini kabla ya tambi za barabarani.

Desemba 1989 wajumbe kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris, wakatia saini tamko la harakati hizi, na konokono akawa nembo yao. Baadaye msimamo wote ukafupishwa kwa maneno matatu: chakula kizuri, safi na cha haki. Kizuri, maana yake kina ladha na kimetoka shambani si muda mrefu. Safi, maana yake uzalishaji wake haukuharibu udongo, maji wala afya ya mtu. Cha haki, maana yake aliyekizalisha amelipwa ipasavyo na wewe unayekila umeweza kukimudu. Petrini aliongeza wazo ambalo kwangu ndilo kiini: mlaji ni mzalishaji mwenza. Unachonunua leo ndicho mkulima atakachopanda kesho.

Sasa nikupe uzoefu wangu. Nilianza vibaya. Nilikuwa napanga mapishi ya wiki nzima kwa kufuata tamaa, naandika orodha, kisha natafuta kila kilichoandikwa hata kama msimu wake umepita. Nikajiunga na kampuni moja, jina naliacha, iliyoahidi kuleta kikapu cha mboga "kutoka shambani moja kwa moja" kila wiki. Kikapu kilijaa, lakini nilipouliza mboga zimechumwa lini, hakuna aliyenijibu. Kila mwisho wa wiki nilitoa chini ya friji majani yaliyogeuka ute na karoti zilizolegea kama kamba. Nilikuwa natupa chakula kila wiki huku naamini nafanya jambo jema. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takriban asilimia 60 zilitoka majumbani. Zilitoka kwenye friji kama yangu.

Kilichonibadilisha ni mama mmoja anayelima na kuuza mwenyewe. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamuuliza mboga zake zimekatwa lini. Hakujibu kwa maneno. Alichukua fungu, akaligeuza, akanionyesha mahali kisu kilipopita. Palikuwa na unyevu, rangi nyeupe inayoelekea kijani. Kisha akachukua fungu jingine lililokuwa kando, sehemu iliyokatwa imekauka na kuwa kahawia. "Hili la jana, mwanangu. Nalipeleka nyumbani kwangu." Tangu siku ile, kabla ya kununua mboga ya majani popote nilipo, naigeuza niangalie mguu wake. Ni jambo la sekunde mbili. Vitamini C kwenye majani hupungua kila siku tangu yanapochumwa, na penye joto hupungua haraka zaidi, kwa hiyo sekunde mbili hizo zina maana kwa afya ya wanao.

Yeye huyo ndiye aliyenikataza kuweka nyanya kwenye friji. Nilidhani ni mazoea tu, lakini kuna sababu. Nyanya ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi, uwezo wake wa kutengeneza ile harufu yake hufifia, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya tunachokiita ladha. Ijaribu mwenyewe: acha moja mezani, weka nyingine kwenye friji siku nne, kisha zikate zote bila chumvi. Ya friji ina rangi nzuri, lakini nyama yake ni ya unga na haisemi kitu mdomoni.

Kwa hiyo nikaupindua utaratibu. Sasa naanza na kilichoiva, ndipo naamua nitapika nini. Sina orodha ya mapishi tena; nina mapishi sita au saba ambayo yanapokea chochote: mchuzi, supu, mboga ya kukaanga kidogo, kitu cha kuchanganya na nafaka. Kitu kikiwa kwenye msimu wake na kimejaa sokoni, ndiyo wakati kina ladha na mara nyingi ndiyo wakati bei yake iko chini. Wanaosema ulaji huu ni wa matajiri mara nyingi wanapiga hesabu ya vitu vya nje ya msimu na vya kwenye vifungashio vya kupendeza. Nakubali hata hivyo kwamba gharama ya muda ipo, na hiyo si ndogo.

Hapo ndipo maharage yanapoingia, na naomba uniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu yameokoa wiki zangu. Nayaloweka usiku kabla ya kulala, kwa maji mengi na kijiko cha chumvi. Najua umeambiwa chumvi inayafanya yawe magumu. Ni kinyume chake: chumvi kwenye maji ya kulowekea huondoa madini ya kalsiamu yanayoshikilia ganda, nalo likalainika. Kinachoyazuia kuiva ni tindikali. Ukitia nyanya au ndimu mapema, utachochea moto mpaka usiku wa manane. Tia nyanya baada ya punje kuminyika kwenye vidole. Na maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hukataa kabisa kulainika, hata ukiyachemsha nusu siku. Nilishawahi kukaa na sufuria ya namna hiyo saa tano, watoto wakalala na mkate. Siku hizi namuuliza muuzaji kama ni mavuno mapya, na akisita, nachukua kidogo tu nikajaribu.

Hapa pia namjibu ndugu aliyesema habari za moto mdogo. Maharage mekundu yana sumu ya asili, lektini, na moto wa chini hauiondoi. Yaloweke angalau saa tano, mwaga yale maji, yachemshe kwa maji mapya yakitokota kwelikweli angalau dakika 10, ndipo ushushe moto. Tafadhali sana usiyaweke mabichi kwenye jiko la umeme la kupika taratibu kutwa nzima.

Mimi napika kilo moja Jumamosi. Nusu tunakula, nusu naigawa kwenye mikebe na kuigandisha. Jumatano nikifika nyumbani nimechoka, chakula kinahitaji kitunguu, mkebe mmoja na fungu la majani. Baada ya dakika 25 tunakaa mezani. Ukihesabu muda, hicho ni chakula cha haraka, na bado namjua aliyelima kila kilichomo.

Kuhusu umbali na mazingira, nitasema kifupi lakini kwa msisitizo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Science, uliokusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba usafirishaji ni sehemu ndogo ya hewa chafu inayotokana na chakula, kama asilimia 6. Sehemu kubwa hutokea shambani na kwenye matumizi ya ardhi. Kinachosafirishwa kwa ndege ni habari nyingine, hicho kina mzigo mkubwa. Lakini kwa vingi vilivyobaki, kupunguza nyama ya ng'ombe na kuacha kutupa chakula kunasaidia kuliko kuhesabu kilomita. Mimi nanunua karibu kwa sababu naweza kuuliza, kwa sababu pesa inamfikia aliyelima, na kwa sababu mkulima anayeuza karibu anaweza kupanda aina ya nyanya yenye ladha hata kama ganda lake ni jembamba na haivumilii safari ndefu. Aina zenye ganda jembamba hupotea pale kila mtu anaponunua za safari. Ndiyo maana Slow Food walianzisha Safina ya Ladha mwaka 1996, orodha ya mbegu, mifugo na vyakula vilivyo hatarini kusahaulika, ambayo sasa ina zaidi ya vitu 5,000. Na kama unadhani ni jambo la Wazungu pekee, aliyechaguliwa kuwa rais wa harakati hizi mwaka 2022 ni Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda.

Usione aibu kutumia njegere za kugandishwa. Zilipita kwenye maji ya moto na kugandishwa muda mfupi baada ya kuchumwa, wakati "mbichi" zilizokaa siku tano sukari yake nyingi imeshageuka wanga.

Kuna jambo halisemwi vya kutosha: nani anapika? Neno "haki" likiishia kwa mkulima na lisiingie jikoni, mzigo wote unamwangukia mtu mmoja, na nyumba nyingi mtu huyo ni mama. Kwetu ilishindikana mpaka tulipogawana. Mwenzangu ndiye wa maharage ya Jumamosi. Mtoto mkubwa anachambua mboga, na huyu wa miaka sita kazi yake ni kuonja chumvi, anaifanya kwa uzito wote. Uliuliza pia kuhusu mtoto asiyetaka majani: huyu wangu alianza kuyala mwezi aliopewa kazi hiyo.

Mboga zikizidi, chachusha. Kata kabichi nyembamba, pima chumvi gramu 20 kwa kila kilo, fikicha mpaka itoe maji yake yenyewe, shindilia kwenye chupa ya kioo mpaka maji yaifunike. Lazima ifunikwe, kinachochungulia nje ndicho kinachoota ukungu. Legeza kifuniko kila siku ili hewa itoke. Baada ya wiki moja au mbili ina uchachu mzuri, iweke kwenye friji.

Wiki hii usibadilishe kila kitu. Tafuta muuzaji mmoja anayeweza kukujibu kitu kimechumwa lini na nani, ununue kwake kitu kimoja tu. Na kama una maharage kabatini, yaloweke leo kabla ya kulala, kesho uje uniambie yameiva kwa muda gani. Tutajua kama ni ya zamani.