Michoro ya Hisabati Iliyogeuka Mistatili ya Kijivu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nafundisha hisabati katika shule ya upili hapa Lamu. Zaidi ya miaka 12 iliyopita nilitengeneza, kwa programu ya GeoGebra, kurasa za kufundishia grafu ya saini (sine ya trigonometria) kwa mfano wa maji ya bahari: mwanafunzi akisukuma kitufe upande mmoja, grafu hutanuka kama wakati wa bamvua, na akikirudisha hunywea kama wakati wa maji mafu. Nimezihamishia kurasa hizo kwenye kompyuta mpya, lakini kila ninapozifungua, maandishi yapo ila mahali pa mchoro pana mstatili wa kijivu na ujumbe kwamba programu-jalizi haikubaliki. Kijana mmoja fundi wa kompyuta amenishauri nitafute kivinjari cha zamani. Je, nimsikilize?
Mwalimu, Langoni, Lamu

JIBU: Maalim, usimsikilize, ingawa hakusema upuuzi, kwani kivinjari cha zamani pamoja na Java ya zamani, programu-jalizi iliyoendesha michoro ya GeoGebra ya wakati huo, huenda vikauonyesha mchoro wako. Programu-jalizi za aina hiyo zilikuwa programu kamili zilizopachikwa ndani ya kivinjari, na mianya yake ya usalama ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kufungiwa mlango: Chrome iliacha kuzipokea mwaka 2015, Firefox ikaikataa Java mwaka 2017, na Flash, programu-jalizi ya michoro na video iliyosalia nyuma ya wenzake, ikakoma mwishoni mwa mwaka 2020. Kivinjari kisichopata tena marekebisho, kwenye kompyuta ambazo wanafunzi huchomeka flashi zao kila siku, ni nyumba isiyo na komeo.

Kilichokufa, hata hivyo, ni chombo cha kuonyeshea. Mchoro wenyewe yamkini ungali hai. Tazama ndani ya folda ya kurasa zako kama mna faili ambazo majina yake yanaishia kwa .ggb, kwa sababu hizo hufunguka katika GeoGebra ya leo bila taabu. Usipoziona, ufungue ukurasa kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, kisha utafute neno ggbBase64. Mara nyingi mbele yake hufuata msururu mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na UEsDB, usiosomeka na mtu yeyote, nao ndio faili yako nzima iliyoandikwa kwa namna nyingine. Nakili msururu huo bila kupunguza hata herufi moja, uurejeshe katika hali ya faili kwa programu yoyote ya kufumbua base64 (ndilo jina la namna hiyo ya kuandika), na uuhifadhi kwa jina linaloishia kwa .ggb. Ukishaufungua, angalia na kipimo cha muda: kama uliweka saa 12 kamili kati ya kujaa na kujaa, sahihisha iwe kama saa 12 na dakika 25, kwani wanafunzi wa Lamu watakugundua.

GeoGebra ya sasa hutumia JavaScript, lugha ambayo vivinjari huielewa vyenyewe, kwa hiyo hapahitajiki kuongezwa kitu. Kwa kuwa intaneti ya shule haitabiriki, pakua mara moja furushi lake la kutumika bila mtandao, uliweke katika folda ileile ya kurasa.

Kwa michoro isiyohitaji kusogezwa, SVG inatosha. Hiyo ni faili ya maandishi inayotaja, kwa mfano, duara lenye kitovu katika 100 na 100 na nusukipenyo cha 80, na kivinjari hulichora chenyewe, likabaki na kingo safi hata likikuzwa ukutani kwa projekta. GeoGebra itakutolea faili hiyo. Ukipendelea kuiandika kwa mkono, kumbuka kwamba katika SVG thamani za y huongezeka kuelekea chini: usipozigeuza kwa alama ya kutoa, maji kujaa yatakuwa bondeni na maji kupwa kileleni.