"Disagreement", "discord" au "dissent"?

Dada, umeuliza utumie neno gani la Kiingereza kumweleza meneja kwamba wewe na msimamizi wako hamkukubaliana kuhusu zamu ya Jumamosi. Andika "disagreement", inatosha. "Quarrel" iache kabisa, atadhani mlirushiana maneno mbele ya wateja.

"Discord" ni zito mno. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna neno moyo: mioyo iliyoachana. Wanamuziki nao hulitumia kwa sauti zinazokwaruzana. Linafaa kwa ukoo au chama kilichoparaganyika, si kwa zamu moja.

"Dissent" ni kupinga msimamo wa wengi au wa wakubwa. Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya urais, majaji wanne waliafiki, wawili wakapinga. Maoni ya hao wawili ndiyo "dissent".

Halafu chunga sana "argument". Kwa wakili ni hoja, kwa jirani ni ugomvi. Niliwahi kumwandikia bosi "we had an argument" nikimaanisha tulijadiliana tu; nikaitwa ofisini hata chai ya saa nne sijainywa.