Pete Niliyoificha Ikafanana na Usaliti

Kwa wiki tatu mwenzangu aliamini nina mwanamke mwingine, na simlaumu. Simu yangu, ambayo kwa miaka ilikuwa ikizagaa popote, ghafla ikawa inalala kifudifudi. Ikiita, natoka nje kupokea na kuongea kwa kunong'ona. Jumamosi moja niliaga kwamba naenda kumsaidia rafiki kuhama nyumba, nikarudi saa tisa alasiri na shati jeupe pee, halina hata doa la vumbi. Aliyekuwa akinipigia ni dada yake mwenyewe, na Jumamosi ile nilikuwa kwa sonara. Yeye angejuaje?

Tulikuwa na miaka minane ya mapenzi, mitano tukiishi chini ya paa moja, na hilo ndilo nililosahau kulipigia hesabu. Ushauri mwingi kuhusu kumvisha mtu pete kwa sapraizi unawafaa wapenzi ambao kila mmoja ana kwake, kwa hiyo siri ina mahali pa kulala. Ninyi mnaotumia kabati moja hamna mahali hapo. Mtu aliyeishi nawe miaka mitano anajua mwendo wako kwenye ngazi, na anajua usingizi wako wa kweli na ule wa kujifanya. Hataijua siri yenyewe, ila atajua kwamba ipo, halafu ataijaza mwenyewe kwa kile anachokiogopa zaidi.

Usiku mmoja alizima taa, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza gizani: "Kuna mtu?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu jibu lilikuwa mbali mno na alichokuwa akikifikiria, lakini kicheko gizani baada ya swali kama hilo hakina tafsiri nzuri. Alichukua mto akaenda kulala sebuleni. Nikabaki natazama dari. Siku niliyoipanga ilikuwa bado siku tisa. Nikimwambia, mpango wote umekwisha. Nikinyamaza, atateseka siku tisa ili mimi nipate dakika moja ya kumwona akishangaa. Ukiitazama hivyo, sapraizi hiyo ni ya nani hasa?

Nilimfuata sebuleni nikamwambia: "Kuna jambo nakuficha. Si mtu, na si baya. Utalijua kabla ya mwezi kwisha. Ukitaka nikwambie sasa hivi, nakwambia." Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi subiri," akarudi na mto wake chumbani. Baadaye alinikiri kwamba alilijua jambo lenyewe dakika ileile. Na bado, siku ilipofika, alishangaa mpaka akakaa chini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu anaweza kujua kinachokuja na bado kikamshtua, mradi hajui saa.

Kwa hiyo, kwa mliokaa pamoja miaka, fupisheni siri. Wiki tatu ni nyingi mno. Siku nne au tano zinatosha kabisa ukiwa umeshajua unachotaka. Usitunge uongo wenye watu na mahali ndani yake, kama ule wangu wa kuhamisha vitu, maana utalazimika kuulisha kila siku. "Kuna kitu nakifuata, nitakuonyesha baadaye" ni kweli, na inatosha. Fedha nazo zina mdomo: kama mna akaunti ya pamoja, anza kuweka kando kidogokidogo mapema kutoka katika matumizi yako binafsi, badala ya kuchota kiasi kikubwa siku moja kisha uanze kujieleza.

Msaidizi mmoja anatosha. Wangu alikuwa shemeji, yule dada yake aliyekuwa akinipigia, na jambo la maana kuliko yote alilonifanyia ni kunizuia. Nilikuwa nimepanga kumpigia mwenzangu goti mkahawani, wafanyakazi wenzake wakiwa wamekaa meza za jirani, simu juu tayari kurekodi. Shemeji aliniambia: "Usithubutu. Mbele za watu atakubali, halafu atakununia mwaka mzima." Alikuwa anamjua dada yake. Wapo wanaopenda kushangiliwa, na kama wako ni hao, mpe. Lakini mtu akizungukwa na macho hamsini hana nafasi ya kufikiri. Jibu lake linakuwa la hadhira.

Na swali lenyewe lisiwe geni. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona wanaopiga goti wakitumaini pete itayamaliza mazungumzo waliyoyakwepa. Sisi tulikuwa tumeshazungumza, tena kwa kugombana, kuhusu watoto, kuhusu madeni yangu ya zamani, kuhusu nani atamtunza mama yake akizeeka. Ndoa tulikuwa tumeitaja mara nyingi kwa neno "tukioana", si "kama tukioana". Kilichobaki kufichwa ni siku na mahali tu. Kama baada ya miaka minane hujui atajibu nini, ongea naye kwanza, pete inaweza kungoja.

Kuhusu pete, jifunzeni kwa kosa langu. Nilichukua pete moja kwenye kisanduku chake nikaipeleka kwa sonara kama kipimo, bila kukumbuka kwamba huivaa kidole cha kati. Chukua ile anayoivaa kidole cha pete chenyewe, tena cha mkono uleule, kwa sababu mkono unaofanya kazi zaidi mara nyingi vidole vyake ni vinene kidogo. Pima upana wa tundu lake kwa milimita. Ukizidisha kwa 3.14 unapata mzunguko. Kumbuka pia kwamba vidole huvimba kwenye joto na hunywea kwenye baridi, kwa hiyo pete iliyobana asubuhi ya baridi haitavalika mchana wa jua kali. Ukiwa na shaka, chagua iliyo kubwa kidogo, maana kwa kawaida kupunguza ni rahisi kuliko kupanua. Ila pete iliyozungushiwa vito pande zote, au ya metali ngumu ya titani, sonara atakukunjia uso.

Almasi si sharti. Mazoea hayo yalikuzwa sana na matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers katika karne ya 20. Kito kigumu kina faida yake, hasa kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono, kwa sababu lulu ni laini na hukwaruzika upesi. Lakini pete ya dhahabu tupu ni pete.

Siku yenyewe sikuifikia. Nilipanga jioni ya Jumatano, nikashindwa kuvumilia Jumapili asubuhi. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo, kitambaa kichwani, na maneno niliyoyakariri wiki nzima yakapotea. Nilipiga goti juu ya rundo la soksi nikasema, "Nimechoka kukuficha."

Akasimama, akakaa tena. "Hilo ndilo swali?"

Nikauliza swali lenyewe. Akasema ndiyo, kisha papo hapo: "Dada anajua?"

Nilipomvisha, pete ilizunguka kidoleni kama bangili. Aliichomoa akaitia kidole cha kati, ikakaa sawasawa, na akakataa kumpa sonara kwa wiki mbili nzima. Ndiyo maana kwenye picha zetu za uchumba pete iko kidole cha kati, na shemeji hajaacha kunicheka.