Barua kwa mwanangu, kuhusu ile sapu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza umwambie kaka yako kwamba umepata sapu, huo mtihani wa kurudia, ya hesabu za kalkulasi, au unyamaze mpaka uifanye ipite. Sapu yenyewe hainitishi, una miaka 17 uko mwaka wa pili chuo, wenzako wengi bado wako sekondari. Nimeshasema na narudia, wewe hujawahi kujifunza kusoma, ulijifunza kujua tu, mwalimu akianza mstari wa kwanza ubaoni wewe ushafika wa mwisho, sasa umekutana na kitu kinachotaka ukae nacho usiku kucha na makalio hayajazoea kiti.

Mimi nakumbuka siku ile uliporushwa madarasa mawili ukaingizwa darasa la kaka yako. Nilimpigia simu kila mtu, na vigelegele juu, na yeye yuko mezani anafuta homuweki na raba mpaka karatasi ikachanika. Nilimwona. Nikaendelea na simu. Hiyo mpaka leo inaniuma. Najitetea kwamba kule nyuma ungekuwa unalala tu darasani, ni kweli, lakini nilishasoma habari za William Sidis, yule mtoto wa Kimarekani mwenye akili za ajabu, aliingia Chuo Kikuu cha Harvard 1909 ana miaka 11, magazeti yakamwandama, ukubwani akawa anafanya ukarani na kuwakwepa waandishi. Kwa hiyo nilijua, na bado nikapiga vigelegele.

Halafu nikakukuta usiku unamwandikia kaka yako homuweki, mwandiko wake kabisa, ile saba yake yenye kimstari katikati, na umetia makosa mawili ya makusudi ili mwalimu asishtuke! Niliwagombeza wote wawili, nikaenda chumbani nikacheka mpaka machozi. Labda kashasahau. Au labda hicho ndo kinachomuuma, kwamba ulijua hadi angekosea wapi.

Kumwambia au kutomwambia mimi siingilii, mshakuwa watu wazima. Ningekuwa wewe ninge... basi, naacha. Ila humu ndani aliyekuwa anajua kusoma ni yeye, anakaa na swali moja mpaka linachoka, wewe hukujifunza hilo, nishasema.

Jana kapiga simu kuuliza mbona humjibu. Nimemwambia uko bize na mitihani.

Mama yako