Maswali na majibu: mvuke umejaa bandani, hautoki

Msimu umeingia huku Amerika Kaskazini, usiku barafu mchana inayeyuka, miti ya mepo inatoa utomvu, ule maji matamu tunayochemsha bandani mpaka yawe shira nzito, na meseji zenu zimejaa. Karibu zote ni za mvuke. Nimechagua sita.

Fundi habari, niko Vermont, nimejenga banda la futi 12 kwa 16, kuta futi 8, sinia la kuchemshia futi 2 kwa 4. Nikichemsha sioni hata mlango, maji yanadondoka toka kwenye kenchi. Nimetoboa paa ila mvuke hautoki. Niongeze tundu?

Kaka, kabla hujapanda tena juu ya paa niambie hewa inaingia wapi. Hujaandika. Na kila anayeuliza swali hili haandiki, mnanitajia ukubwa wa tundu la juu, aina ya bati, hadi rangi ya mlango, hewa ya chini hamuitaji kabisa, na ugonjwa wenyewe ndo huo.

Piga hesabu na mimi. Sinia bapa linakausha kama galoni moja kwa saa kwa kila futi moja ya mraba, la kwako ni futi 8 za mraba, kwa hiyo galoni 8, yaani lita 30 hivi kila saa. Lita moja ya maji ikiwa mvuke inakuwa zaidi ya lita 1,600. Hizo ni karibu mita za ujazo 48 kwa saa na banda lako lote lina kama 43, unalijaza mvuke mpaka juu kila saa na bado inazidi! Sasa huo mvuke ili upande utoke lazima hewa nyingine ije ichukue nafasi yake, na moto wako nao unataka hewa hiyohiyo. Ukifunga mlango na madirisha ati baridi, mvuke unazunguka tu humo ndani, ukigusa bati la baridi unageuka maji yanarudi kwenye sinia pamoja na vumbi na uchafu wa kenchi, halafu shira hiyo unampa mtu anywee.

Weka matundu chini karibu na sakafu, pande mbili, yenye vifuniko vya kufungua na kufunga, ila yasielekee sinia moja kwa moja maana upepo wa baridi unapunguza mchemko. Juu jenga kile kijumba cha kwenye mgongo wa paa chenye vifuniko viwili, kiwe sawasawa juu ya mtambo, yaani sinia na jiko lake (sio katikati ya banda kwa ajili ya picha), na urefu wake usipungue urefu wa mtambo. Ukungu wa nusu saa ya kwanza usikutishe, bati bado la baridi. Ukiweka insulesheni chini ya bati na kuifunika vizuri ili isidondoshe nyuzi, matone yatapungua sana.

Nikifunga feni kubwa ukutani si itavuta mvuke wote, kuliko kutoboa paa? (Maine)

Hapana! Feni itavuta hewa ya bandani, banda limefungwa, hewa nyingine itaitoa kwenye bomba la moshi, yaani moshi unarudi ndani ulipo wewe na watoto mliowaleta waone shira inavyopikwa. Kwenye moshi kuna gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anaumwa kichwa anadhani ni uchovu halafu analala. Nunua leo kengele inayolia gesi hiyo ikiwepo, ifunge bandani, na feni iache dukani. Hata wewe usiye na feni, nunua kengele.

Nina ndoo 5 tu za galoni 5, naweza kuchemshia jikoni kwangu? Nakaa apatimenti, Winooski, Vermont.

Hili nimelijibu kila msimu na kila msimu linarudi. Usichemshie ndani. Utomvu wa kawaida una sukari kama asilimia 2, galoni 40 na kitu ndo zinatoa galoni moja ya shira, kwa hiyo ndoo zako 5 zitatoa nusu galoni na ushee, na zaidi ya lita 90 za maji zinaenda ukutani na kwenye silingi. Jipsamu inalainika, rangi inabanduka, ukungu unaota nyuma ya kabati usipouona, na dipoziti yako mwenye nyumba hairudishi. Chemshia nje, ikibaki kidogo ndo uingie umalizie kwenye jiko huku unaangalia kipimajoto, nyuzi 4 za selsiasi juu ya pale maji yanapochemka imeiva. Na dada, lile jiko la gesi la mtungi la kukaangia nje libaki hukohuko nje, usiliingize hata kwenye gereji.

Vifuniko vya juu nifungue na kufunga saa ngapi?

Fungua kabla ya kuwasha moto, funga sinia likiacha kutoa mvuke. Upepo ukiwa mkali fungua upande usiopigwa tu.

Niko Quebec, nataka kutengeneza kofia ya kufunika sinia na bomba la kutolea mvuke nje. Nimepata mabati ya zamani bei chee. Yanafaa?

Mzee wangu, hayafai. Mvuke ukigonga kofia unageuka maji, yanatiririka kwa ndani, na mabati ya zamani na maungio ya kuchomelea ya zamani yanaweza kuwa na risasi, ile sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Tumia chuma cha pua au alumini. Zungusha gata ndogo ukingo wa ndani ili matone yaende nje, yasirudi kwenye shira. Na bomba la mvuke lisiungane na la moshi hata kidogo.

Ukishaweka kofia, pitisha ndani yake mabomba ya shaba ya kupeleka utomvu kwenye sinia, yasiyo na maungio ya risasi, mvuke utaupasha bure kabla haujafika motoni na kuni utaokoa.

Wenye hela nawaambia wanunue mashine ya kuchuja maji kabla ya kuchemsha, inapandisha sukari ya utomvu toka asilimia 2 hadi 8, robo tatu ya maji yameondoka kabla hujawasha kiberiti. Wanaosema inaua ladha wanachemsha vibaya. Na wewe upo Quebec inakotoka karibu asilimia 70 ya shira ya mepo ya dunia, mabanda makongwe yamekuzunguka, nenda kaangalie paa zao bado zinafuka mvuke.

Mimi napika sukari guru Kakamega, na sisi tujenge hicho kijumba cha juu?

Banda lako likiwa wazi pembeni hewa ya chini unayo tayari, mvuke haukusumbui sana. Acha uwazi kwenye mgongo wa paa na uufunike kwa kipaa kidogo kilichoinuliwa, mvua isiingie. Kinachowaumiza nyie ni moshi wa makapi ya miwa, vijana wanakoroga karai macho mekundu kutwa nzima. Hela ya kijumba ongezea urefu wa bomba la moshi lipite juu ya paa, na makapi yaanike yakauke kabisa kabla ya kuyachoma.