Karatasi ya Pajani

Mdogo wangu unayeanza kurusha ndege ndogo hapa Tanga, kabla hujafikiria miwani ya jua, nunua penseli mbili na kijidaftari. Kibao cha kuandikia kifunge pajani, na penseli uifunge kwa uzi, isije ikabingirika hadi kwenye pedali za miguu wakati unazihitaji.

Mwongoza ndege akikupa kibali, mambo huja kwa mkupuo: njia, kimo, masafa ya redio, tarakimu nne za transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada. Nawe unatakiwa umrudishie maneno yake, akusikie. Wengi wanadhani kichwa kitabeba. Kitabeba, mpaka abiria akuulize jambo, au wingu lililolala Usambara lianze kusogea upande wako. Hapo 2416 inageuka 2461 na huna hata chembe ya shaka. Ukisahau, utajua umesahau, utauliza. Ukikumbuka vibaya, huulizi. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Usiandike sentensi. Kila jambo lipe mahali pake, palepale kila siku. Kwangu mshale wa kwenda juu na 55 maana yake panda hadi futi 5,500. Mstari ukibaki mtupu, najua kuna jambo sijapewa. Agizo likibadilika usifute: likate kwa mstari mmoja, uandike jipya pembeni.

Usiichanganye karatasi hii na orodha ya ukaguzi. Ile imechapishwa, inashika mambo yasiyobadilika. Ilianza kutiliwa mkazo baada ya tarehe 30 Oktoba 1935, ndege ya Boeing Model 299 ilipoanguka karibu na Dayton, Marekani, kwa kuwa vifungo vinavyozuia usukani ndege ikiwa imeegeshwa havikuwa vimefunguliwa. Rubani wake alikuwa mzoefu sana. Karatasi ya pajani ni ya leo tu, kesho unaanza ukurasa mpya.

Nawe uliyeombwa kuisemea familia ukumbini, haya yanakuhusu vilevile. Mara ya kwanza kupewa kipaza sauti, kwenye harusi Ngamiani, niliandika hotuba nzima, kurasa tatu, nikaisoma nimeinamisha kichwa. Watu wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Harusi iliyofuata nikaenda mikono mitupu. Nilizungumza vizuri, macho kwa macho na wageni, ila katika kushukuru nikamruka mjomba wa bibi harusi aliyetoka Pangani, na ndiye aliyemlea. Hakusema neno. Alikusanya kanzu yake akatoka mapema. Nilimfuata kwao kumwomba radhi, akanipokea kwa wema, lakini ile jioni haikurudi.

Tangu hapo nina kikadi kinachoenea kiganjani. Maneno ya kueleza mapenzi yangu siyaandiki, yatakuja yenyewe. Naandika yale ambayo moyo hauwezi kuyabuni: majina, nani kwa nani, nani aanze kutajwa, na neno moja la kunikumbusha kisa nitakachosimulia. Herufi kubwa, maana taa za ukumbini huwa hafifu. Usiku wa kuamkia shughuli nampigia dada yangu, namsomea majina yote, naye ananisahihisha yupi ni mzee, yupi ni shehe, na yupi ametangulia mbele ya haki, atajwe kwa dua.