Wasomaji Wanauliza: Utume wa Wastaafu Kisiwani Malta

SWALI: Mimi na mume wangu ni walimu wastaafu, miaka 63 na 67. Kanisa limetuomba tukahudumu Malta miezi 18, kutembelea wagonjwa na kusaidia ofisini. Tuanzie wapi, na tufungashe nini? (Mama wa watano, Masasi)

JIBU: Shikamooni, wazazi wetu. Anzeni na kibali, maana hapo ndipo wengi hukwama. Viza ya kawaida ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Malta ikiwemo, inampa mtu siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na msitegemee kuirefusha mkishafika. Kanisa linalowapokea lishughulikie mapema viza ya muda mrefu na kibali cha kuishi. Tiketi isinunuliwe kabla ya majibu.

Dawa za presha au sukari zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari kinachotaja jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Zikiisha, mfamasia wa kule huenda asiijue kampuni ya huku. Korosho za kukaanga bebeni. Nazi na ndizi nazo huingia Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, lakini embe linakihitaji, na nyama au maziwa vitachukuliwa uwanja wa ndege.

Kinachowatesa watu wa Kusini ni baridi ya ndani ya nyumba. Mchana wa Januari huwa kama nyuzi 15, na kwa kusikia tu si baridi ya kutisha. Lakini nyumba za Malta ni za mawe ya chokaa, zimejengwa zihimili joto la kiangazi. Nyingi hazina mfumo wa kupasha joto, na bahari inaleta unyevu. Ukuta unatoa maji, nguo kabatini zinaota ukungu, viungo vinauma. Kila mmoja awe na sweta mbili, soksi nzito na ndala za soli nene, kwa kuwa sakafu ni vigae au mawe. Siku ikiwa kavu fungueni madirisha adhuhuri, na kabati lisogezwe kiganja kizima kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake. Hita nunueni hukohuko. Soketi ni za pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo chaja zenu zitaingia moja kwa moja. Magari pia hupita kushoto, kwa hiyo kuvuka barabara hakutawachanganya.

SWALI: Kimalta kinajifunzika uzeeni? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Kinajifunzika, na Mswahili ana pa kushikia. Kimalta kimetoka katika Kiarabu, kama maneno mengi yetu: sita ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa, kitabu ni ktieb. Wakiagana husema saħħa, ndugu wa neno letu siha. Kiingereza ni lugha rasmi pia, basi ofisini na hospitalini hamtakwama. Ila mgonjwa mzee kitandani hufurahi akisalimiwa kwa Kimalta.

SWALI: Naenda kumsaidia dada yangu aliye katika utume huko. Magoti yangu ni mabovu. Nitembelee wapi siku ya mapumziko, hasa alikovunjikiwa jahazi Mtume Paulo? (Mama mkubwa, Mikindani)

JIBU: Shikamoo, mama. Melita ya Matendo ya Mitume 27 na 28 ndiyo Malta. Watu 276 waliokoka baharini, wakakaa kisiwani miezi mitatu. Mapokeo yanaonyesha ghuba ya San Pawl il-Baħar, upande wa kaskazini. Kando ya maji pana njia ya kutembea. Tarehe 10 Februari, sikukuu ya tukio hilo, sanamu ya Paulo hubebwa kwa maandamano mjini Valletta. Nenda siku hiyo ukiweza.

Valletta ilianza kujengwa 1566, na mitaa yake mingi ni ngazi tupu. Ukitokea bandarini usipande kwa miguu: ipo lifti ya mita 58 inayofika bustani ya Upper Barrakka, na saa sita mchana mizinga hupigwa hapo chini. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana unakanyaga makaburi ya marumaru ya mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, waliotawala kisiwa zamani, ndiyo maana visigino vyembamba vimekatazwa. Mabega yafunikwe, kanga yatosha. Humo umo mchoro wa 1608 wa Caravaggio, mchoraji Mwitaliano, Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa. Sogea utazame damu inayomwagika shingoni: mchoraji ameandika jina lake kwa damu hiyohiyo, na hakuna mchoro mwingine aliotia sahihi.

Hypogeum, makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, hupokea watu 80 tu kwa siku, kwa sababu pumzi na joto la wageni huharibu michoro myekundu ya humo. Nafasi hukatwa wiki nyingi kabla. Kuna ngazi, uliza kwanza kwa ajili ya magoti.

Kwenda kisiwa cha Gozo, kivuko cha Ċirkewwa huchukua kama dakika 25. Nauli hailipwi ukienda, hulipwa Mġarr, bandari ya Gozo, wakati wa kurudi, basi usimalize pesa zote huko. Dada yako akishapata kitambulisho cha mkazi aombe kadi ya mabasi iitwayo Tallinja. Tangu Oktoba 2022 wakazi wenye kadi hiyo hupanda mabasi bure. Wewe mgeni utalipa, na tiketi hutumika saa mbili hata ukibadilisha basi. Wakati wa baridi sikilizeni utabiri kwanza: kuna upepo uitwao grigal, unavuma kutoka kaskazini-mashariki kama kaskazi yetu, ila wenyewe ni baridi na unachafua bahari. Ukivuma, Gozo ingoje siku nyingine.